Zamu ya Kuosha Vyombo

Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2025 vyombo vya mchana vilikaa nyumbani kwetu Shinyanga bila kuoshwa hadi magharibi. Watoto walikuwa wamemzunguka mjomba wao, wakitazama kwenye simu yake wanawake wakishindana kwa baiskeli katika vilima vya Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika. Wanawake hao walikwenda kilomita 164.6, wakiurudia mlima wa Kimihurura uliosakafiwa kwa mawe hadi wengi wakaachwa nyuma, na mwishowe akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Tuliwagombeza watoto kwa ajili ya vyombo, kisha nasi tukavuta kigoda tukakaa.

Akina mama wenzetu, mnayajua yaliyofuata, maana nanyi mna watoto. Wiki ile mtaa ulijaa baiskeli. Mikweche iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba bila mnyororo ilitolewa, na fundi wa pale njia panda akapata kazi hadi jioni. Wavulana waliinamia usukani kama walivyoona kwenye simu. Binti yetu wa miaka 13 naye akaanza kuomba baiskeli ya baba yake kila arudipo kazini.

Ilipofika Krismasi mtaa ulikuwa umetulia tena. Wengine tairi zilipasuka, na fedha ya kununua nyingine haikuwepo. Mtoto mmoja aligongwa na bodaboda akavunjika mkono, mama yake akaifungia baiskeli stoo. Hatumlaumu. Barabara yetu haina njia ya baiskeli; malori, bodaboda na watoto wetu wote wamo humo humo.

Tulipomsimulia haya mjomba wao, ambaye ni mpenzi mkubwa wa mchezo huu, alicheka. Alisema mshindi huwatamanisha watoto, lakini hawanunulii tairi. Akatupa mfano wa Eritrea. Mwaka 2024 Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua huko, na akatwaa fulana ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Lakini kwao baiskeli ililetwa na Waitaliano tangu enzi za ukoloni. Watu huipanda kwenda kazini na sokoni, na mbio ni jambo la kawaida mitaani. Bingwa alipotokea aliwakuta watoto tayari wamo juu ya baiskeli. Rwanda nako, Adrien Niyonshuti, aliyeshiriki Olimpiki ya London mwaka 2012, hakuishia kupigiwa makofi. Alianzisha kituo cha kufundishia vijana huko Rwamagana, wapate mahali pa kujifunzia.

Hilo neno "mahali" lilitukaa moyoni, tukaanza kuitazama nyumba yetu. Huku Usukumani baiskeli hazikosekani, na binti zetu wanazipanda, ila mara nyingi pakiwa na ndoo za maji kwenye keria. Tukazihesabu saa za binti yetu: shule, maji, vyombo, kumbeba mdogo wake, halafu madaftari. Kaka yake, aliyempita mwaka mmoja tu, akirudi shule anakula na kutoka. Ndiyo maana wavulana wawili watatu walikuwa bado wanaendesha, na msichana hata mmoja hayupo. Tulikuwa tumelaumu barabara, tukalaumu bei ya tairi, kumbe jambo la tatu liko jikoni kwetu, na sisi ndio tuliolipanga.

Kulibadili hakukuwa rahisi. Bibi yao alisema mvulana kusugua sufuria ni kumharibu. Kaka mtu alinuna siku nne, na siku ya kwanza akavunja bakuli. Mpaka leo tunaamini alikusudia. Baba yao ndiye aliyemaliza ubishi. Alishusha siti ya baiskeli yake, akasema jioni ya Jumanne na Jumamosi ni ya binti, tena aendeshe kwenye uwanja wa shule, si barabarani, na fundi akague breki kwanza. Tulikubali, ingawa mioyo yetu ilikuwa juu juu. Wiki ya tatu alirudi goti limechubuka. Tuliliosha kwa maji ya chumvi, naye huku akikunja uso akauliza kama Jumanne bado ipo.

Sasa wapo wasichana watatu pale uwanjani. Wenzake wawili huazima baiskeli za kaka zao, na mmoja mama yake alikuja kwanza kutuuliza tulivyofanya. Hakuna anayeizungumzia Kigali tena. Jumamosi iliyopita tulikwenda kuwatazama, tukawakuta wanagombania pampu moja. Tuliporudi nyumbani sufuria zilikuwa zimefunikwa mezani, safi kabisa, ila chini masizi yamebaki vilevile.