Diwani wa Bondeni: Kumbukumbu za Kazi ya Mabadiliko Wilayani Kyela

Tawasifu hii inaeleza kazi ya udiwani katika kata moja ya bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, iliyofanywa na mtu aliyechaguliwa na wapiga kura ambao katika mambo ya ndoa, urithi na ardhi walitofautiana naye karibu kila mara. Mwandishi, ambaye ndiye diwani huyo, anajihesabu kuwa mliberali, yaani mtu anayeamini kwamba haki ya mtu mmoja, hata akiwa mjane asiye na ng'ombe wala kaka, haipaswi kusubiri ridhaa ya ukoo. Na jamii aliyoiwakilisha anaiita ya kihafidhina kwa maana kwamba kilichorithiwa huhesabiwa kuwa na hekima hadi ithibitike vinginevyo. Ameamua kuandika baada ya kustaafu, akiona jinsi kazi ya kueleza na kushawishi inavyozidi kuachwa, na nafasi yake ikichukuliwa na kazi ya kugawa vitenge na fedha nyakati za kura za maoni ndani ya vyama.

Maisha ya awali hayahitaji kurasa nyingi. Alizaliwa katika familia ya wakulima wa mpunga upande wa Ipinda, akalelewa kanisani kama walivyolelewa wengi wa eneo lililofikiwa na wamisionari wa Kijerumani tangu mwaka 1891, akasomea ualimu wakati mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ulioanza kutekelezwa mwaka 1977, ulipohitaji walimu kwa maelfu, na akafundisha hadi baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Udiwani ulifuata, na ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu.

Aliyemfundisha kazi hiyo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mzee wa baraza, yaani mmoja wa raia waliokaa pamoja na hakimu wa mahakama ya mwanzo ili kumsaidia kuamua mashauri, na alikuwa amekua wakati malafyale, mtawala wa jadi wa Wanyakyusa, bado akisikiliza kesi za watu wake, kabla utawala wa machifu haujafutwa kisheria mwaka 1963. Mzee huyu alikuwa mhafidhina wa kweli, aliyeoa wake zaidi ya mmoja na kuona fahari katika mahari ya ng'ombe, na hakuwahi kumficha mwanafunzi wake kwamba nusu ya mawazo ya mwanafunzi huyo yalikuwa ya kuharibu nyumba za watu. Hata hivyo ndiye aliyempa kanuni ambayo mwandishi aliifuata katika utumishi wake wote: mbele ya wazee, sheria isitajwe kwanza, kwanza waulizwe ni lini mila yenyewe iliwahi kupinda, na ilipinda kwa ajili ya nani.

Uzito wa kanuni hiyo ulionekana katika mgogoro wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inatamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na inataka wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, chombo cha kusuluhisha migogoro ya mashamba. Lakini ilikuta nchi ambayo hati ya serikali ya mwaka 1963, iliyokusanya mila za makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba, ilikuwa imewaweka mabinti katika daraja la tatu na la mwisho la urithi, huku mjane akiachiwa kutunzwa na watoto wake badala ya kupewa fungu. Hivyo palikuwa na sheria mbili za dola moja, na ile ya zamani ndiyo iliyofanana na yale ambayo watu wa bondeni waliyajua tangu utotoni.

Kikwazo kingine hakikuandikwa popote. Kwa desturi ya Kinyakyusa, mke wa mtoto wa kiume humkwepa baba mkwe wake kwa heshima kali, asikutane naye njiani wala kukaa naye mahali pamoja, na ingawa desturi hiyo imelegea mjini, vijijini bado ilitosha kumzuia mwanamke kusimama na kuzungumza katika mkutano wa kijiji ambao mkwewe ameketi mbele. Mtu asiyelijua jambo hilo aliuona ukimya wa wanawake mkutanoni akadhani kwamba wameridhika, na taarifa zaidi ya moja zilizoandikwa na wageni wenye nia njema zilijengwa juu ya dhana hiyo. Diwani alipendekeza wanawake wakutane wenyewe kabla ya mkutano mkuu, kisha hoja zao zisomwe na shangazi wa ukoo, mwanamke mzaliwa wa kijiji hicho, ambaye hakuwa na mkwe wa kumkwepa hapo. Wapo waliosema kwamba kufanya hivyo ni kuitukuza desturi kandamizi. Mwandishi anashikilia hadi leo kwamba ilikuwa njia ya kupata sauti ya mtu aliye hai sasa, badala ya kumtaka asubiri vizazi viwili ili aruhusiwe kuzungumza kwa namna inayowapendeza wasomi.

Kiini cha mgogoro kilikuwa kakao. Mpunga hupandwa na kuvunwa msimu mmoja, kwa hiyo mjane au binti aliyerudi nyumbani aliweza kupewa jaruba la kulima bila mtu kuhofu. Lakini mkakao hudumu miaka mingi, na anayeupanda huhesabiwa kuwa ameweka alama ya umiliki, ndiyo maana wanawake waliruhusiwa mpunga wakakatazwa kakao. Bei ya kakao ilipopanda, na baadaye mauzo yalipoanza kupitia mnada wa stakabadhi ghalani, yaani utaratibu ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani na kupewa hati yenye jina lake, swali la nani aandikwe jina likawa swali la nani ale.

Hapo ndipo kanuni ya mzee ilipozaa matunda. Diwani hakuwaambia wazee kwamba mila yao ni batili, ingawa kifungu alikuwa nacho. Aliwaomba wataje wajibu wa mrithi, nao wakautaja wote kwa fahari: kumlisha mjane, kusomesha yatima, kuwatolea wadogo zake mahari, kubeba gharama za msiba. Kisha akawaomba wamtaje, kata nzima, mrithi wa shamba la kakao aliyetimiza hata nusu ya hayo. Hoja ilikuwa kwamba warithi ndio waliokuwa wa kwanza kuivunja mila, kwa kuchukua shamba na kuuacha mzigo, na kwamba mjane anayeandikishwa shamba anapokea kile ambacho wazee wenyewe waliahidi kwamba atakipata. Mipaka ikatembelewa na majirani wakiwa mashahidi, na majina ya baadhi ya wajane yakaingia katika daftari la kijiji. Si wote, na kwa baadhi ya koo hakuna aliyeingia kabisa.

Njia hii inalaumiwa na pande mbili. Wanaharakati husema kwamba haki iliyotegemea kumbukumbu za wazee si haki, bali ni fadhila. Lawama hiyo ni nzito, na jibu la mwandishi ni kwamba hukumu hupatikana mahakamani Kyela mjini na kupotea shambani, kwa kuwa anayejua jiwe la mpaka ni jirani, na jirani asiyesadiki hukumu halioni jiwe. Wahafidhina nao walisema kwamba diwani aliingia kwao kwa hila. Jibu kwao ni jepesi zaidi: kila kilichosemwa kilisemwa mkutanoni, kikaandikwa katika muhtasari na kusomwa upya.

Wilaya yenyewe ilimwona mwakilishi mwingine wa aina hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyepata shahada ya uzamivu Hamburg kwa utafiti juu ya katiba ya Tanzania, aliiwakilisha Kyela bungeni kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, na mwezi Februari 2008 aliwasilisha taarifa ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, iliyofuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Bondeni taarifa ile ilipokewa kwa fahari, kwa sababu kumkabili mkubwa kwa hoja ni jambo ambalo wazee walilijua kutoka mabaraza yao. Lakini agizo alilolitoa Machi 2017 akiwa Waziri wa Katiba na Sheria, kwamba ndoa zisifungwe bila vyeti vya kuzaliwa, lilitenguliwa na Rais Magufuli ndani ya siku chache, kwa kuwa vijijini wengi hawakuwa na cheti. Katika kura za maoni za chama chake mwaka 2020 hakupata nafasi tena. Edmund Burke naye, mbunge wa Uingereza aliyewaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anadaiwa nao si bidii yake tu bali pia uamuzi wake, aliacha kugombea huko mwaka 1780 baada ya kuwaudhi kwa kutetea biashara ya Ireland na haki za Wakatoliki.

Vijana wanaogombea sasa husoma historia kama hizi na kuhitimisha kwamba ukweli haulipi, hivyo ni heri kugawa. Wanapaswa kuambiwa waziwazi kwamba hitimisho hilo ni uvivu. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani ukarimu wa wagombea uliokuwa umehalalishwa na sheria ya uchaguzi, mwaka 2006, lakini hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha diwani kurudi kwa watu wake wiki moja baada ya kupiga kura wasiyoipenda na kukaa hadi maswali yaishe. Anayekwepa kikao hicho hana haki ya kuwaita wapiga kura wake washamba.

Suala moja mwandishi hakufanikiwa kulipitisha kwa njia ya mzee, nalo ni umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu husika vinakiuka katiba, Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, na mwaka mmoja uliotolewa kwa marekebisho ukapita bila marekebisho. Wazee walipoulizwa ni lini mila iliwahi kupinda kwa ajili ya msichana, walinyamaza, na mzee wa baraza mwenyewe alikiri kwamba hana mfano. Kwa suala hilo mwandishi alikwenda kinyume cha mafundisho ya mzee huyo: alitaja sheria kwanza, akapiga kura peke yake katika kikao, na angefanya hivyo tena, maana shamba lililochelewa kuandikishwa linaweza kurudishwa kwa mwenyewe, ila miaka ya shule ya msichana haina daftari la kuirudishia.