Pete ya Mama

Msomaji wangu, yumkini hujapata kukiona chombo cha kugundua metali isipokuwa kile cha askari wa mlangoni, kinachopitishwa kiunoni mwa wageni na kulia kwa ajili ya funguo na bizimu za mishipi. Ninachotaka kukupa habari zake ni ndugu mkubwa wa hicho: mpini mrefu wenye sahani chini na kioo kidogo juu, ambao mtu huutembeza juu ya ardhi mfano wa afyekaye nyasi. Nilikiazima kwa jirani aliyepata kukitumia katika kutafuta dhahabu huko Migori, kwa kuwa mama yangu alikuwa amepoteza pete yake ya ndoa katika shamba la maharagwe, kwetu Taita, na tangu siku hiyo alikuwa akila chakula kama mtu anywaye dawa.

Jirani alikisifu sana. Alinionyesha namba zinazotokea kiooni, tangu 0 hata 99, akasema kuwa chuma husoma chini, fedha na shaba husoma juu, na kwamba mwenye akili huzinyamazisha namba za takataka akachimba zile njema tu. Nami nilitaka kukijaribu kabla ya kukiamini. Nikatwaa senti kumi ya kale ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, nikaipunga mbele ya sahani. Chombo kililia vizuri na namba ikasimama imara, hata nilipoisogeza sarafu umbali wa shibiri moja na zaidi. Nikapunga msumari; namba ikaanguka. Nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, tena mara mbili, na makosa hayo yalinigharimu siku mbili za jua kali.

Nilifunga kamba za katani nikaligawa shamba vipande vyembamba, kila kimoja na namba yake. Nikanyamazisha chuma, na karatasi za alumini, na vishikio vya makopo ya soda, maana shamba lile li kando ya njia iendayo sokoni na wapita njia hutupa kila kitu. Jioni ya pili nilikuwa na sarafu saba, ufunguo na kijiko. Kila kipande nilikuwa nimekiandika daftarini: safi.

Mama alinitazama nikila, akauliza, "Mwanangu, chombo hicho umekijaribu kwa pete?"

Sikuwa nimekijaribu. Mke wangu akavua yake, nikaipitisha mbele ya sahani, namba ikatokea, nami nikaona haya. Ilikuwa ni namba ileile ya kishikio cha kopo. Fahamu, msomaji, kwamba chombo hiki hakijui dhahabu wala fedha. Ndani ya sahani mna nyaya zilizozungushwa, nazo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika mara maelfu kwa sekunde. Nguvu hiyo huamsha umeme mdogo ndani ya kitu cha metali, na umeme huo nao hurudisha nguvu yake, iliyochelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kunakogeuzwa kuwa namba. Nako hakutegemei metali peke yake, bali pia ukubwa, unene na umbo. Kwa hiyo pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha alumini huweza kusema kwa sauti moja. Kwa kunyamazisha takataka nilikuwa nimeinyamazisha pete.

Kosa la pili lilikuwa kukijaribu hewani. Si mimi wa kwanza kujaribu chombo mahali pasipo pa kazi yake. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, alitengeneza chombo cha kuitafuta risasi mwilini. Alikijaribu kwa askari wa zamani waliobaki na risasi za vita miilini mwao, kikafaulu. Kitandani mwa Rais kilitoa sauti mahali pengi, pasitambulikane pa kweli. Baadaye ilijulikana kuwa chini yake palikuwa na godoro la nyaya za chuma; tena daktari alikuwa amemruhusu Bell kutafuta upande wa kuume tu, na risasi ilikuwa kushoto. Rais alifariki Septemba 19 mwaka huohuo.

Kitanda changu mimi kilikuwa udongo mwekundu wa Taita, wenye chuma kingi ndani yake. Basi nikampa mpwa wangu vitu kumi na viwili, akavizika uani kwa kina mbalimbali bila ya mimi kutazama. Asubuhi nikapita, nikaandika kwanza chombo kilichosema, kisha nikachimba nikaandika kilichokuwapo. Kutangulia kuandika ni jambo kubwa, kwani mtu akiisha kuiona sarafu mkononi hujiambia kuwa alijua tangu mwanzo.

Daftari lile ninalo hata leo. Senti kumi iliyozikwa vidole vinne ilisomeka sawasawa. Mwenziwe wa nusu shibiri alisomeka kama chuma. Wa tatu, wa kina zaidi, hakusikika kabisa. Sarafu iliyolala karibu na msumari ilinyamaza mpaka nilipozunguka nikapitisha sahani toka upande mwingine. Bawaba kubwa yenye kutu ilijidai fedha. Niligundua pia kwamba kabla ya yote chombo kinataka kuzoezwa udongo, kwa kuinua na kushusha sahani mahali patupu mpaka kelele zitulie, jambo ambalo jirani hakunitajia. Kwa hukumu yangu, chombo kile kilikuwa hodari wa kusema kuwa kipo kitu, wa wastani katika kukisia kina, na mwongo kidogo katika kutaja ni kitu gani.

Siku iliyofuata nilirudi shambani nikichimba kila namba ya katikati. Kufikia alasiri nilikuwa na kopo zima la alumini na mgongo unaouma. Katika kipande cha tatu, nilichokiandika safi siku ya kwanza, sauti hafifu ilitokea, namba ikichezacheza kati ya 41 na 46. Nikasema moyoni kuwa ni karatasi ya sigara. Nikachimba kwa uvivu, urefu wa kidole cha shahada, nikavunja bonge la udongo, nayo pete ikawa ndani yake.

Mama aliifuta kwa khanga. Vidole vyake vilivyokonda kwa uzee ndivyo vilivyoiachilia, kwa hiyo aliizungushia uzi wa pamba isije ikachopoka tena, akaivaa. Kisha akalitazama shamba lake, akaniagiza nirudi nikayafukie mashimo kabla ng'ombe hawajarejea.