Siku za Maji na Siku za Theluji



Katika nchi za baridi iko desturi moja ambayo sisi hatunayo. Theluji ikianguka nyingi usiku, wakuu wa shule huamka kabla ya mapambazuko na kuziangalia njia. Wakiona hazipitiki, hutangaza ya kuwa leo hapana shule. Watoto hufurahi, wazazi hupata taabu, maana kazi zao wao hazikufungwa. Siku hiyo huitwa siku ya theluji.

Kwetu Kilosa theluji haianguki. Lakini mzazi wa Kilosa ayajua mashaka ya asubuhi ile sawasawa na mzazi wa nchi za baridi, kwa kuwa sisi tunayo siku ya maji. Tofauti ni hii, ya kwamba siku ya maji aghalabu haina mtu wa kuitangaza. Baba na mama husimama mlangoni gizani, wakaamua peke yao kama mtoto aende au akae. Basi twataka kueleza jinsi siku hizo zilivyo toka Kilosa hata Mikumi, kisha tuzilinganishe na za wenzetu walio mbali, tupate kujifunza.

Mji wa Kilosa umekaa chini ya milima, kando ya mto Mkondoa. Reli ya Kati, iliyojengwa zamani za Wadachi, yalifuata bonde la mto huo kupanda kwenda Kidete na Gulwe. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na mtoto huona mto kuwa ni mahali pa kuchezea. Lakini masika yakifika, Mkondoa si yule tena. Jambo liwashangazalo wageni ni hili: maji huweza kuja mbingu za mjini zikiwa nyeupe. Mvua imenyesha usiku mbali huko milimani, na asubuhi mto wafika umejaa tope na magogo. Kwa hiyo mzazi anayetazama mawingu yaliyo juu ya paa lake tu, amedanganyika.

Watu wa zamani walijenga tuta kuukinga mji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 maji yalilibomoa tuta hilo, yakaingia katika nyumba. Maelfu ya watu walikosa makao, wengi wakakaa katika mahema. Reli nayo iliharibiwa kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za abiria zikakoma kwa miezi. Tukumbuke kwamba Januari ndio mwezi ambao watoto wetu huanza mwaka wa shule. Tangu wakati huo watu wa Kilosa hawaufanyii mto mzaha. Siku hizi iko reli mpya ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Dodoma, nayo imetoboa milima yetu kwa mahandaki. Gari limepewa njia ndani ya mlima. Mtoto wa shule bado huvuka kijito kwa miguu yake.

Toka Kilosa kwenda Mikumi, njia hupita Ulaya. Msomaji asistaajabu, hii ni Ulaya ya wilayani kwetu, wala haina theluji. Huko mashamba ni mengi, na udongo wake ukilowa hushika mguu usitoke upesi. Watu wa huko hawaliogopi tope. Watoto hubeba viatu mkononi, wakaosha miguu shuleni. Shida yao ni nyingine: njia ikiharibika, pikipiki na magari husimama, na huweza kutokea watoto wakafika wote, mwalimu aliye mbali asifike.

Hata tufikapo Mikumi, hofu ya mzazi imebadilika kabisa. Mji huu umekaa kando ya njia kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964. Njia hiyo hupita ndani ya hifadhi mwendo wa kilometa kama 50. Siku ya mvua, mzazi wa Mikumi huwaza kwanza juu ya malori makubwa, ambayo breki zake hazishiki vema katika lami iliyolowa. Halafu huwaza juu ya majani. Mvua huyarefusha majani hata tembo au nyati asionekane mpaka mtu amemkaribia. Kwa sababu hiyo mzazi mwenye busara hungoja kukuche vema, na watoto huenda kwa kundi.

Basi tumesikia watu wa Mikumi wakicheka wakiambiwa kwamba mtu wa Kilosa amemzuia mtoto nyumbani kwa ajili ya mto, hali jua lawaka. Na mtu wa Kilosa naye hushangaa kusikia mtu mzima anaogopa majani. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa mwoga, kumbe kila mmoja amefundishwa na mahali pake.

Kucheka huko si kwetu tu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, akaona weupe juu ya kilele chake. Mwongozi wake, mtu wa nchi za chini, aliuita weupe ule baridi tu. Rebmann akajua kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo. Lakini huko Uingereza wako wataalamu waliokataa kabisa kusadiki ya kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hao walioijua theluji maisha yao yote hawakuitambua ilipotajwa mahali pasipo pao.

Sasa, wasomaji, tuutazame mwezi mmoja tu, yaani Januari 2014, maana katika mwezi huo sehemu tatu za dunia zilipatwa na jambo hili moja.

Tarehe 6, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, gavana aliamuru shule zote za serikali zifungwe. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, hasa Wasomali, wanakaa huko. Watu wa jimbo lile wameizoea theluji sana. Wanayo magari ya kuifagia, na watoto wao huenda shuleni ikiwa imejaa pande zote. Siku ile shule hazikufungwa kwa ajili ya theluji, bali kwa ajili ya baridi iwezayo kuidhuru ngozi isiyofunikwa kwa muda wa dakika chache. Hata waliozoea wanao mpaka wao.

Tarehe 22, katika wilaya yetu ya Kilosa, maji yalishuka Dumila na Magole, yakaingia vijijini, yakaharibu nyumba na mashamba. Daraja la Magole nalo likaharibiwa, na njia kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika.

Tarehe 28, katika mji wa Atlanta, kusini mwa Marekani, ilianguka theluji ya kimo cha inchi mbili na nusu hivi, yaani kama urefu wa kidole. Watu wa Minnesota wangeifagia mlangoni na kwenda zao. Lakini Atlanta haikuwa na magari ya kutosha ya kuisafisha. Tena shule, ofisi na maduka viliwaachilia watu wote saa zile zile za mchana, theluji ikiwa imekwisha anza. Njia zikajaa, magari yakakwama katika barafu, na watoto wengi wakalala shuleni usiku ule, wengine wakabaki katika mabasi mpaka usiku mwingi. Wengine waliwacheka watu wa Atlanta. Wazee wetu walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kilichowapata hakikuwa wingi wa theluji; ni kukosa maandalio, na kuamua wakati umekwisha pita.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Twaweza kuamua mapema. Mwezi wa Aprili 2019, tufani iitwayo Kenneth ilipokaribia Mtwara, wakuu waliamuru shule zifungwe na watu waende mahali pa salama. Tufani ikaenda kupiga Msumbiji, ikaua watu huko, na Mtwara ikapona. Wako waliosema siku ile ilipotea bure. Sisi twasema haikupotea, maana watoto wote walikuwako darasani baadaye. Lakini Aprili 2024, katika mji wa Arusha, maji ya mvua yalilichukua gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni asubuhi, na watoto kadhaa wakafa. Wazazi wao waliwaaga kama tuwaagavyo wetu kila siku.

Kwa hiyo twashauri mambo manne, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, wakati wa kiangazi, wazazi na walimu wa kila kijiji waende pamoja kwenye kivuko, wachague jiwe au wapige kigingi. Maji yakilifunika jiwe lile, mtoto asivuke, hata kama jua lawaka. Tusipime kwa kimo cha mtu mzima. Maji ya magotini yakienda kwa nguvu humwangusha hata mwanamume.

Pili, watu wa milimani wawapigie simu watu wa mabondeni mvua kubwa inaponyesha kwao usiku. Simu moja kutoka juu yafaa kuliko kutazama mawingu asubuhi nzima.

Tatu, mvua ikiwakuta watoto shuleni, wasiachiliwe ovyo waende mitoni. Wangoje na mwalimu mpaka watu wao wawafuate, kama walimu wa Atlanta walivyokaa na watoto usiku kucha.

Nne, na hili ni kwa walimu. Shule nyingi za nchi za theluji huhesabu tangu mwanzo wa mwaka kwamba siku kadhaa zitapotea, nazo hurudisha masomo baadaye. Sisi nasi tuihesabu masika. Mtoto aliyezuiliwa na mto asiandikiwe utoro, wala asipigwe. Maana mtoto anayeiogopa fimbo kuliko maji, huyo ataingia majini.

Mzazi wa Mikumi asimcheke wa Kilosa, wala wa Kilosa asimcheke wa Mikumi. Kila mmoja aulize kwanza, njia ya mwenzangu ina nini? Somo la siku moja laweza kufundishwa kesho. Masika ya mwaka huu na ya mwaka ujao yatakuja. Basi jiwe lile liwekwe sasa, njia zikiwa kavu.