Ramani ya Chini ya Miguu Yetu

Katika mjadala wetu wa rasilimali tumezoea kuuliza nani amechimba na amelipa kiasi gani. Swali linalotangulia hilo hatuliulizi: nani alijua kwanza kilichomo ardhini, na nani aliambiwa?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege za utafiti zilipita juu ya sehemu kubwa ya Tanzania, zikifuata mistari iliyoachana takriban kilometa moja. Zilibeba magnetomita, chombo kinachopima nguvu ya sumaku ya dunia. Miamba yenye madini ya chuma huitikisa nguvu hiyo, na kutokana na mitikiso hiyo mtaalamu huchora nyufa na mipaka ya miamba iliyofunikwa na udongo. Chombo hakioni dhahabu wala tanzanaiti; humwonyesha mchimbaji mahali panapostahili kutafutwa. Tangu hapo upimaji wa kina zaidi umefanyika, lakini kwa takwimu za Wizara ya Madini ulikuwa umefikia asilimia 16 tu ya nchi ilipozinduliwa Dira ya 2030, inayolenga asilimia 50.

Naliunga mkono lengo hilo. Hata hivyo, nikiwa Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, niliulizwa swali ambalo dira hiyo inapaswa kulijibu. Mama mmoja muuza ndizi alinisikia nikizungumzia ndege hizo, akasema: “Mwalimu, hiyo ndege inaona na maji?”

Nilimjibu kwamba haiyaoni, ila huweza kuonyesha ufa ambamo maji hupita. Na kwamba huku kwetu, penye miamba ya volkano inayovuruga vipimo, lazima wataalamu wafuate kwa miguu, wachimbe, wapime. Akatikisa kichwa: “Basi watuambie na sisi, baba, tusichimbe kwa kubahatisha.”

Kwa watu wa Hai neno hilo ni zito. Katika tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro na Meru, maji ya visima vingi yana floraidi inayotoka katika miamba hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mno hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi zaidi hupinda mifupa. Kijiji kinachochanga fedha za kisima bila ramani kinaweza kununua maradhi.

Sheria zetu zinasema madini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kama mwamba ni wetu, maarifa juu ya mwamba huo hayawezi kuwa ya wengine. Takwimu zilizohifadhiwa Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, humfaa mwekezaji anayejua kuziomba na kuzisoma. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye sauti juu ya ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hukutana na mwekezaji huyo mikono mitupu. Mapatano ya mwenye ramani na asiye nayo hayawezi kuitwa mapatano.

Ninapendekeza jambo moja: kila eneo linalopimwa kwa ndege, matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili, yakifafanuliwa na mjiolojia wa serikali mbele ya wananchi, kabla leseni yoyote haijatolewa. Gharama yake ni ndogo mno kuliko mafuta ya ndege.