Nilimwambia Asubiri

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kuna mama mmoja nilimpotezea muda ambao haurudi. Alikuwa mshonaji. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeing'ang'ania neva ya uso, neva nayo ikakatwa. Yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi aliyotoka nayo wodini. Sikuisoma mpaka mwisho. Niliona mdomo umekwenda upande na jicho halifumbi, nikajisemea: ni ile ile, itapona.

"Ile ile" niliyoizoea ni ya mtu kulala mzima akaamka amepinda mdomo. Wengi wao hupona, hata nisipowagusa. Sifa nyingi nilizopata mtaani ni kazi ya miili yao wenyewe. Lakini neva iliyokatwa ikaondolewa kipande haiungwi kwa kukanda shavu wala kwa mashine ya umeme.

Msuli uliokosa neva hunyauka polepole. Katika mwaka wa kwanza hivi, daktari bingwa bado anaweza kuuletea neva nyingine, mathalani ile ya msuli wa kutafunia, na uso ukaanza kucheza tena. Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, kwa wengi nafasi hiyo huwa imekwisha. Miezi hiyo mama huyu aliimaliza kwenye benchi langu, tena kwa nauli yake. Alikuja na leso ya kufutia chozi la jicho lile. Akinywa chai, alibana pembe ya mdomo kwa kidole isimwagike. Usiku alilifunga jicho kwa plasta. Nami kwenye faili naandika: anaendelea vizuri.

Siku niliyoisoma ile karatasi nikaongeza kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia muda umepita, hakuna la kufanya tena.

Uongo. Iliyokufa ni misuli ya zamani. Mwingine unaweza kuhamishiwa pale. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walieleza jinsi walivyotoa msuli wa paja la ndani wakaupandikiza usoni, wakiunga mishipa ya damu na neva chini ya hadubini. Neva ya kuuendesha yaweza kutoka upande mzima wa uso, ikipitishiwa neva iliyotolewa mguuni. Huo ni upasuaji wa awamu mbili wenye miezi ya kungoja katikati, maana neva hukua kama milimita 1 kwa siku. Au itoke kwenye msuli wa kutafunia: awamu moja tu, nguvu nyingi, ila mwanzoni ni lazima ubane meno ndipo mdomo uinuke.

Haya nilielezwa na daktari bingwa, mama akiwa ameketi kando yangu. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo nikifurahi nitakuwa nacheka, au natafuna?"

Daktari alicheka, lakini hakumficha: mwanzoni ni kutafuna. Mwenye neva iliyovushwa kutoka upande wa pili hutabasamu bila kujilazimisha, ila kwa umri wake asingemwahidi hilo.

Mama alichagua njia ya tatu, ile aliyoieleza Mfaransa Daniel Labbé mwaka 1997. Msuli mwingine wa kutafunia, ulioko kwenye panja, ule unaousikia ukituna ukiweka kidole hapo na kubana meno, huteremshwa hadi ncha yake ifike pembe ya mdomo. Neva yake ni nyingine, na haikuguswa, kwa hiyo hakuna cha kungoja kikue. Kwenye kope ya juu alitiwa kipande kidogo cha dhahabu, uzito wake uishushe jicho lifumbe.

Baada ya hapo mtu hukaa mbele ya kioo kujifunza kuinua mdomo kwa kubana meno, mpaka azoee bila kufikiri. Hiyo ni kazi ya watu kama mimi. Nilijitolea kumfundisha bila malipo. "Ahsante, mwanangu," alinijibu, akaenda kwa mwenzangu wa chumba cha pili.