Harusi ya Safarini: Mwanamume Avae Nini?

Mwezi wa Septemba uliopita msikiti wetu hapa Tanga uliandaa msafara wa kumsindikiza kijana wetu aliyekuwa akioa Lushoto. Wazazi wa bibi harusi walitujulisha kuwa hafla ingekuwa ya nyumbani, na kwamba wanaume waje na mavazi nadhifu yasiyo rasmi sana. Suti na tai havikuhitajika. Maneno hayo yalitutatiza. Kwa kuwa sisi ndio tulioshika kalamu ya kamati, tuliketi tukaandika sare: suruali ya kaki, shati jeupe, koti la buluu na viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia, kila msindikizaji agharimie vyake. Tulijiona tumerahisisha mambo.

Siku chache baadaye mzee mmoja, aliyemsomesha bwana harusi Juzuu Amma, alituletea udhuru kwamba shamba halimruhusu kusafiri. Tulishangaa, kwani mahindi yalikwisha vunwa. Tulimfuata baada ya sala ya Alfajiri, tukamwamkia na kumwuliza kwa upole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wanangu, kanzu ninayo. Ila sikuiona katika karatasi yenu."

Hatukuwa na jibu. Tuliisoma chuoni, na tumewahi kuisomesha, ile hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Mtume hakuyahesabu hayo kuwa kiburi. Alibainisha kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hatukukusudia kumdharau yeyote, lakini karatasi yetu ilikuwa imemfungia mlango mwalimu wa bwana harusi.

Siku ile ile tuliifuta sare, tukaandika upya. Tulisema kanzu inatosha, na kila mtu avae koti alilo nalo. Lushoto si Tanga mjini. Iko katika Milima ya Usambara, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Msimu huo jua la mchana ni la upole, lakini asubuhi na jioni upepo hupenya nguo. Kanzu ya melimeli, inayotufaa sana pwani, huko ni nyepesi mno. Bora iwe ya pamba nzito kidogo, fulana ndani na koti juu. Kanzu, koti na kofia ya viua ni vazi la heshima tulilolirithi kwa wazee wetu, wala halimtii mtu aibu katika hafla yoyote.

Apendaye suruali na shati naye hakukatazwa. Tulimwomba tu aangalie suruali isimbane katika rukuu, na shati liwe refu lisiuache mgongo wazi katika sijida, maana nikaha ingefungwa msikitini baada ya Adhuhuri. Hariri na dhahabu wanaume tumekatazwa. Atakaye pete avae ya fedha. Viatu tulishauri viwe imara kwa njia za mlimani, na vyepesi kuvuliwa mlangoni mwa msikiti.

Tulisafiri kwa kupitia Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, ndipo gari likaanza kupanda kona za mlima. Njiani tulivaa nguo za kawaida, kanzu zikiwa zimekunjwa vizuri mifukoni. Tulipofika kwa wenyeji tulioga, tukazipiga pasi upya, tukajipaka manukato, ndipo tukaelekea msikitini.

Mzee wetu alikuwa nasi. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka darizi ya shingoni imefifia, na koti lake la kijivu lilimpwaya mabegani. Wenyeji walipotaka mtu wa upande wetu aombe dua, bwana harusi mwenyewe alimwelekezea mkono mwalimu wake. Tuliitikia amin pamoja, wa kanzu na wa suruali, na hatukumsikia mtu akiuliza sare iko wapi.

Katika daftari la kamati, ukurasa wa safari ile ungali na orodha yetu ya kwanza, imekatwa kwa mstari mmoja. Hatukuuchana, ili atakayeishika kalamu baada yetu auone.

Wabillahi tawfiq.