Injini ya Baba Mdogo

Kwetu Uyole, Mbeya, kulikuwa na Hilux mbili za ndugu wawili. Nyekundu ya baba, nyeupe ya baba mdogo. Zote za dizeli, zote za enzi zile ambazo kioo cha dirisha unakizungusha kwa mkono na ikinyesha mvua unajua mapema ni mguu gani utalowa. Baba alipofariki, nyekundu ilibaki kwa mama, na ndiyo iliyokuwa inatulisha: inapanda Isyonje kufuata viazi, inashuka navyo sokoni, inarudi. Nyeupe ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya baba mdogo tangu kiharusi kimchukue mkono na mguu wa kulia.

Mwaka jana nyekundu ikanoki. Kamusi niliyo nayo mezani inaijua injini lakini kunoki haikujui, kwa hiyo nieleze: beringi za kwenye krankishafti zinakwisha, chuma kinaanza kugonga chuma, na kila mtu mtaani anasikia kabla hujaambiwa na fundi. Fundi wetu alifungua sampo ya oili, akaingiza vidole, akavitoa vikimetameta unga wa chuma. Akamwonyesha mama bila kusema kitu. Baadaye ndipo akasema kwamba kuifumua injini ile ni kununua kila kilichomo ndani, na ya mtumba nayo bei yake haikamatiki.

Kisha akaangalia pembeni. "Si kuna ile nyeupe ya mzee?"

Sote tulishaifikiria. Ya nyekundu ilikuwa 2L, lita mbili na nusu kasoro kidogo. Ya nyeupe ni 3L, karibu lita mbili na robo tatu. Ni injini za ukoo mmoja. Maunti zinakaa palepale, giaboksi inaipokea, na kwenye mlima ile 3L ni baraka, maana huku juu hewa ni nyepesi na dizeli ndogo ikibebeshwa gunia nyingi inatoa moshi mweusi tu. Bodi ya nyeupe ndiyo ilikuwa imekwisha. Chesesi ililiwa na kutu pale springi za nyuma zinaposhikwa, kiasi kwamba bisibisi ilipenya kama kwenye papai. Kwa hesabu, jibu lilikuwa wazi.

Lakini baba mdogo kila asubuhi alitolewa nje na kiti chake, akakaa kando ya ile gari. Tangu atoke hospitali alikuwa na sentensi moja aliyoitamka vizuri kuliko nyingine zote: "Nikipona nitaiamsha." Kumwomba injini ilikuwa ni kumwambia hutapona. Hakuna aliyelisema hilo nyumbani, ila kila mtu alianza kukumbuka kazi nyingine ya kufanya pale mama alipouliza nani ataenda.

Nilitumwa mimi, mtoto wa kwanza. Mama alisema si nalipwa kwa ajili ya maneno? Kweli, ninaishi kwa kutafsiri nyaraka za watu. Nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kuanza na kila sentensi niliyoipata ilikuwa na mauti ndani yake. Nikaenda bila sentensi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kakutuma injini."

Halikuwa swali. Nikakaa chini kwenye tofali. Tulinyamaza muda mrefu, kuku wakipita chini ya bampa. Halafu akaniuliza, taratibu, neno moja moja, nyekundu imenoki silinda ya ngapi. Nikamwambia fundi anasema ya tatu. Akatikisa kichwa. "Kaka hakupenda kubadilisha oili." Akacheka upande mmoja wa uso, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli, marehemu alikuwa anaongezea tu.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, kazi ifanyike yeye akiwapo. La pili, ile iliyokufa iingie kwenye nyeupe, ifungwe bolti zake zote. "Sitaki ibaki tundu."

Fundi aliposikia alicheka, kisha akaona tunamwangalia. "Mama, hiyo ni kazi ya bure. Injini mbovu kwenye gari bovu?" Mama akamwambia fanya, nitalipa. Mimi pia niliona ni hela ya bure, na kwa hesabu za gereji bado naiona hivyo.

Walianza na nyeupe, maana injini iliyolala miaka haiamshwi kwa pupa. Fundi alitoa nozeli, akadondoshea oili kwenye kila silinda, akaiacha ilale nayo. Kesho yake akatia spana kwenye puli ya mbele akavuta. Haikwenda. Akavuta tena na uzito wote, ikasogea upana wa kidole, kisha ikalegea na kuzunguka mzima. Baba mdogo alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa ule mkono unaofanya kazi.

Kilichofuata kilikuwa kufungua tu, asubuhi mpaka jioni: boneti, rejeta, mipira ya maji, bomba la eksozi, waya za stata na altaneta. Kijana wa fundi alifunga kila waya kipande cha kitambaa, rangi moja kwa kila jozi, na naamini kile ndicho kilichotuokoa siku mbili za kutafutana. Wakasimamisha milingoti mitatu, wakatundika cheni bloku, injini ikapanda ikiyumba, oili ikidondoka. Ukiiona injini hewani ndipo unajua ni nzito kiasi gani. Watu wanne wazima walikuwa wanaishika kwa vidole tu, kuielekeza, na hakuna aliyeongea kwa sauti.

Kuiingiza kwenye nyekundu kulikuwa na ugomvi mmoja, wa shafti ya giaboksi kukataa kuingia kwenye klachi. Inatakiwa vinyooke kabisa, na ukilazimisha kwa kukaza bolti unavunja. Walisukuma, wakatukana kidogo, wakamwomba mzee radhi, wakasukuma tena. Mkanda wa taimingi ulikuwa umebadilishwa mpya kabla haijaingia, maana kwenye hizi ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Siku ya tatu wakatoa upepo kwenye dizeli, wakapiga ufunguo. Waandishi wetu wanapenda kuandika kwamba injini "ilinguruma". Dizeli ya zamani hainguruми. Inakohoa, inagonga, inatetemesha kila kisichofungwa. Moshi mweupe ukajaa uani, fundi akanyanyua mikono kama aliyefunga goli.

"Imechelewa," baba mdogo akasema.

Fundi akajibu kwa adabu kwamba itachanganya ikipata moto. Ikapata moto. Moshi ukapungua lakini haukwisha. Mzee akarudia: imechelewa. Basi fundi akazima, akalegeza pampu ya dizeli, akaizungusha kidogo kwa mkono, kiasi cha upana wa ukucha, akakaza. Ilipowaka tena mlio ulikuwa mwingine, mkavu na mfupi, na moshi hakuna. Fundi hakumwangalia mzee usoni. Alikwenda kunawa.

Injini iliyokufa ilifungwa kwenye nyeupe siku iliyofuata, bolti zote, mpaka mipira ya maji ambayo haitapitisha maji. Mama alilipa.

Ikabaki karatasi. Kadi ya gari inaandika namba ya chesesi na namba ya injini, kwa hiyo kwa serikali nyekundu yetu ilikuwa haijakamilika mpaka TRA waibadilishe. Hati ya mauziano niliiandika mimi, baina ya mama na shemeji yake. Pale penye bei mama hakutaka bure na shemeji hakutaka hela, wakavutana nusu saa kwa heshima kubwa, mpaka wakakubaliana gunia moja la viazi kila msimu. Alitia dole gumba la kushoto.

Safari ya kwanza ya mzigo alidai kwenda. Tulimpandisha mbele, mdogo wangu akiendesha, mimi katikati. Kwenye kona moja kabla ya Isyonje mdogo wangu alichelewa kubadilisha gia na gari likaanza kuzubaa.

"Ya pili," baba mdogo akasema.

Mdogo wangu akatia ya pili.